Waigbo wa Nyuma ya Kilima

Ndizi zikishapita kuiva, zikaanza kuwa nyeusi na kuacha maji matamu chini ya sanduku, zinanuka pombe. Si harufu mbaya. Wiki iliyopita ilinikuta katika duka moja la Matonge, hapa Brussels, ninaponunua unga na sombe, yaani kisamvu, ya kugandishwa. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, miguu imevimba ndani ya viatu, na nikasimama mbele ya lile sanduku kwa muda nisioujua. Mwenye duka, mama wa Kinshasa ambaye Kiswahili chake ni cha kuuzia tu, akaniuliza, "Maman, unachagua ao unalala?" Watu wakacheka kidogo. Nikamwambia nachagua. Kisha nikatoka bila kununua hata ule unga niliokuwa nimeufuata.

Baba yangu amekufa. Nianze na hilo ili nisilizunguke. Alikufa Bukavu, kitandani mwake, akiwa mzee, nami nilimzika kwa simu. Mdogo wangu Deo aliinua simu juu ya vichwa vya watu, mvua ikawa inadondokea kioo, na nilichoona zaidi ni miavuli. Sasa Deo amenipigia tena. Jumamosi wanamaliza matanga. Watapanda kijijini, kwenye kipande cha shamba kilichobaki cha babu, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, itanywewa kwa mrija kutoka kibuyu kimoja kama walivyofanya wazee. Asiyeweza kufika anaweza kuwekewa fungu lake, na mtu aliyezaliwa naye akanywa kwa niaba yake. Deo, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, anataka kujua jambo moja tu. "Yaya, tukutilie yako, ao tuache?"

Nilimwambia nitamjibu. Ni swali la ndiyo au hapana, lakini limenichosha kuliko zamu za wikiendi. Kanisa langu hapa Anderlecht, linalosali ndani ya ghala la zamani la matairi, halitaki pombe, na halitaki kabisa pombe inayotajiwa wafu. Mchungaji wetu, kijana mwenye sauti nzuri, anakiita kibuyu cha namna hiyo meza ya mashetani. Maneno hayo si yake. Niliyasikia kabla yeye hajazaliwa.

Ili mnielewe kwa nini sikumjibu Deo siku ileile, lazima nirudi kwa Waigbo.

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba Waigbo wanakaa nyuma ya kilima. Si kilima chochote. Kile kikubwa kilichoonekana kutoka mlangoni kwetu siku ambazo ukungu uliondoka mapema. Nilijua mengi juu yao. Nilijua wanavyoamka na baridi na kujifunika blanketi mpaka masikioni. Nilijua ng'ombe wao, na wanawake wao wanaobeba vikapu mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Nilijua migomba yao inavyopiga kelele upepo ukija. Haya yote niliyapata kwa Papa, ndivyo tulivyomwita baba, na Papa aliyapata kitabuni, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuuliza.

Papa alikuwa mfunga vitabu katika kiwanda cha kuchapisha cha misioni. Vitabu vya nyimbo, katekisimu, na vitabu vya maktaba ya mapadri vilivyokuwa vimechakaa vilipita mikononi mwake. Alirudi nyumbani ananuka gundi. Siku moja alirudi na kitabu ambacho mende walikuwa wamekila jalada lote, mapadri wakasema kitupwe. Hakukitupa. Alikikatia jalada jipya kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na ndiyo maana hadi leo sijui jina la kitabu kile wala la mwandishi wake. Nilijua tu kwamba kiliandikwa na mtu wa Nijeria, juu ya Waigbo, watu wake, na kwamba mtu mwingine alikigeuza kwa Kifaransa.

Walimu walikuwa wamegoma. Ninyi wa umri wangu mnakumbuka migomo ile: mwalimu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na ukimwamkia anageuza uso. Papa akasema kwamba masomo yakifungwa mjini yatafunguliwa nyumbani. Basi kila Jumapili, baada ya misa na baada ya bugali, alikaa kwenye kiti kilichoelekea mlango ili apate mwanga, akafungua kile kitabu cha saruji. Alisoma kwanza kimya, kwa Kifaransa, midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari. Kisha aliinua macho na kutuambia kwa Kiswahili. Mvua ikizidi juu ya mabati alinyamaza akangoja, kidole kikibaki palepale kilipofika, kama mtu aliyeshika mlango ili usijifunge. Mimi nilikitazama kile kidole kuliko nilivyomtazama yeye. Mama alichambua maharage. Deo, mdogo bado, alilala mgongoni mwake.

Hadithi ilikuwa ya mhunzi mzee, Udeze. Nyumbani mwake alikuwa na sanamu ndogo ya mti yenye pembe mbili, imeshika kisu kwa mkono wa kulia. Waigbo waliiita ikenga. Papa alitueleza kwamba nguvu ya mkono wa mwanamume ilikaa humo, na kwamba Udeze hakugusa nyundo asubuhi kabla ya kuisalimu na kuipa chakula kidogo. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ekene, ambaye angekuwa mhunzi baada yake. Wazungu walipofungua shule, wazee walikubaliana kila nyumba itoe mtoto mmoja akaone kuna nini kule. Udeze alimtoa Ekene kwa sababu alikuwa na akili nyepesi.

Kule alipewa jina la Klementi. Likizo ya kwanza alirudi akakataa kushika mivukuto, kwa sababu baba yake aliisalimu ikenga kwanza. Likizo iliyofuata akakataa kunywa na baba yake, kwa sababu pombe ilitajiwa wazee waliokufa kabla ya kunywewa. Likizo ya tatu hakuja. Alipokuwa mtu mzima akafanywa mkalimani wa mahakama ya Wazungu, na siku moja aliyeletwa mbele ya meza, kwa kosa la kufua bunduki za wawindaji, alikuwa Udeze mwenyewe. Klementi alitafsiri yote vizuri, hakukosea mahali. Lakini alipomtaja mshitakiwa alisema "mzee huyu". Tangu mwanzo hadi mwisho, mzee huyu.

Nakumbuka Papa alivyosema maneno hayo. Alinyamaza, ingawa mvua haikuwa kubwa.

Mama alipenda kumchokoza. Udeze alikuwa anakunywa kasiksi kila sura, ameweka kibuyu katikati ya miguu, mrija mdomoni. Mama akasema, "Huyu Udeze wako anakunywaka sana. Hakuna siku anatengeneza jembe?" Papa akacheka. "Ni mutu ya kazi. Mutu ya kazi anakunywaka." Mama akamwuliza mbona yeye ni mtu wa kazi na hanywi. Papa akageuza ukurasa.

Nilimwuliza siku hiyo kama Waigbo wako mbali. Alikuwa anatafuta mahali alipoachia, hakuniangalia. "Ni nyuma ya mulima," akasema. Labda kwake kila kitu kilikuwa nyuma ya mlima: Kinshasa, Ulaya, bahari. Mimi nilikuwa na mlima mmoja tu.

Tulifika pahali ambapo Udeze ametoka mahakamani. Hakuwasha moto wa kazi. Alikaa mbele ya nyumba, kibuyu katikati ya miguu, mrija wake ndani ya kibuyu, na mrija wa pili ameuchomeka kwenye majani ya paa juu ya kichwa chake. Huo wa pili ulikuwa wa mtoto wake. Papa akafunga kitabu akasema sura inayofuata ni ndefu. Jumapili iliyofuata alisema macho yanamwuma. Nyingine tulikuwa na wageni. Nilikuwa karibu niugue. Usiku na mchana nilitaka kujua jambo moja: je, Ekene alirudi kunywa na baba yake?

Katikati ya kungoja huko, habari ikaja kwamba babu ni mgonjwa. Nilikuwa sijawahi kumwona. Mama alibaki na Deo, Papa akanichukua mimi kwa kuwa nilikuwa na miguu ya kutosha. Tulipanda lori mpaka njia ilipokatika, kisha tukatembea. Tulipanda, tukashuka, tukapanda. Tulipofika juu nikageuka nikaona kwamba tuko kwenye kilima kile kikubwa, na kwamba sasa tunateremka upande wake wa pili. Nilijua tulipo.

Kulikuwa na ukungu, ng'ombe, na wanawake wenye vikapu mgongoni. Migomba ilipiga kelele. Tukaingia katika kiwanja kilichofagiliwa, na mbele ya nyumba alikuwa amekaa mzee aliyejifunika blanketi, kibuyu katikati ya miguu, mrija mmoja ndani. Nikainua macho. Juu ya kichwa chake, kwenye majani ya paa, kulikuwa na mrija wa pili.

Naomba mnielewe. Mtoto anayeona kitu hicho hashangai. Anafurahi tu kwamba amefika.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha majani kinachonifikia magotini. Nilidhani ni cha kuku. Mama alikuja kunieleza baadaye sana kwamba hapo ndipo kibuyu kilipelekwa kwanza, mzee akawataja baba zake, ndipo mrija ukazunguka kwa walio hai. Mapadri waliwaambia Wakristo wavichome vibanda hivyo, na wengi walivichoma. Babu hakubatizwa, hakuchoma. Lakini alikuwa amemtoa mtoto wake mmoja aende shuleni, na kule, kabla ya kubatizwa, watoto waliapishwa kwamba hawatakunywa tena kutoka chombo kilichotangulia kupita pale. Papa aliapa akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi siku ile.

Yeye na babu waliongea Kimashi, lugha ya kijijini, maneno machache. Kwa kuwa tulilelewa mjini nilishika kidogo tu: mguu unauma, ng'ombe amezaa, mvua. Kisha babu akainua mkono polepole, akauchomoa ule mrija kutoka kwenye paa, akaufuta kwa kidole gumba, akauingiza ndani ya kibuyu na kuuelekeza upande wa Papa. Papa aliuangalia. Kisha akaacha Kimashi, akasema kwa Kiswahili, "Tata, niko na dawa ninakunywa."

Hakuwa na dawa. Nilizijua dawa zote za nyumbani, ilikuwa chupa moja, na ilikuwa ya Deo. Sijui kwa nini alibadilisha lugha.

Babu hakukasirika. "Dawa inaishaka," akajibu, naye kwa Kiswahili, kwa taabu kidogo. Akaacha mrija ulivyo.

Mimi ndipo nikaona ni wakati wangu wa kuuliza. Nilikuwa nimetembea kilima kizima na swali langu. "Babu," nikasema, "mutoto yako alisha rudi?"

Papa aliniita kwa jina. Babu akanyanyua kiganja kumzuia, akaniuliza mtoto yupi.

"Ule mwenye alienda kwa Wazungu. Mwenye unamuwekea murija."

Mzee alinitazama. Halafu akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akajifuta macho kwa blanketi. Alinijibu mimi lakini alikuwa anamtazama Papa. "Bado," akasema. "Lakini njia anaijua."

Akanivuta karibu akanipa ule mrija mimi. Pombe ilikuwa karibu kwisha. Nilivuta, utamu ukaja pamoja na ukali wa kunyonya ulimi, kisha mrija ukagusa chini na kutoa ule mkoromo ambao watoto wote wanaupenda. Babu alifurahi. Alisema sauti hiyo anaisikia mtu aliyemaliza tu. Anayeonja na kuondoka haijui. Papa hakunizuia. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Tulipoaga, babu aliufuta tena ule mrija akaurudisha kwenye paa.

Wakati wa kurudi Papa alitangulia mbele, nami nilimfuata nikikimbia vipande. Nilingoja kugombezwa, sikugombezwa. Juu ya kilima alisimama ili nimfikie. "Mama wangu," akasema, maana nilipewa jina la mama yake, "ule si Udeze."

Nikamwuliza ni nani.

"Ni papa yangu."

Nililitafakari hilo mpaka kwenye lori. Nikaamua kwamba Udeze ni baba yake Papa. Sikuona kwa nini isiwezekane.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya bugali Papa alichukua kile kitabu bila kuombwa, akakaa kwenye kiti, akakifungua karibu na mwisho. Mvua ilikuwa imekatika. Alianza kutuambia mara moja, bila kusoma kwanza kimya. Nilitafuta kidole chake kama kawaida. Kilikuwa juu ya ukurasa, lakini hakikutembea. Yeye alikuwa anaangalia nje ya mlango, na hakugeuza ukurasa hata mara moja. Nilifikiri amechoka na safari, au kwamba mwisho wa kitabu ni mzuri sana hata ameushika kwa moyo.

Akasema kwamba siku moja mchana, mvua ikinyesha, Ekene alirudi. Alivua viatu kiwanjani. Alivua kofia yenye alama ya mahakama, akaiweka chini, mvua ikaingia ndani yake. Udeze hakumwuliza ametoka wapi wala kwa nini amechelewa. Alinyoosha mkono juu, akachomoa mrija kwenye paa, akaufuta kwa kidole gumba. Ekene akaupokea. Wakanywa, huyu kisha yule, bila kuongea, mpaka mrija ukagusa chini.

Mama alikuwa ameacha maharage. "Ndiyo mwisho?" akauliza.

"Ndiyo mwisho."

"Basi ni kitabu cha muzuri," Mama akasema, akaendelea kumwangalia kwa muda, kisha akarudi kwa maharage yake.

Mimi nilitoka nje nikakimbia kwenye matope kwa furaha. Kilima kilionekana. Nilikipungia mkono.

Babu alikufa mvua zilezile hazijaisha. Hatukuwa tumerudi tena. Papa alikwenda kuzika peke yake. Nilimwuliza Mama kama sasa mtoto wa babu amefika, Mama akanituma maji.

Mtu anakua, anasahau, anakimbia vita, anafika mahali kama hapa. Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee. Ninaosha watu ambao wengine wao hawajui tena majina ya watoto wao. Kule nilimkuta Nkechi, mwenzangu wa zamu, na siku ya kwanza aliponiambia kwamba yeye ni Mwigbo nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa mtaani kwetu. Nilimwuliza kama baridi ya milimani kwao imezidi hii ya Brussels, na kama ng'ombe bado wako. Nkechi alicheka hadi akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Kwao, alisema, mtu anatoka jasho hata akiwa amelala, na ng'ombe aliowaona ni wa wafugaji wanaopita. Tangu siku ile ananiita jirani wa nyuma ya kilima. Niliona aibu kidogo, nikacheka naye, nikasema Papa alitutafsiria vibaya. Yakaishia hapo. Hatukuzungumza zaidi, kazi haituachi.

Baada ya mazishi ya Papa ndipo Nkechi aliniletea chai wakati wa mapumziko akaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye kitabu. Nilipotaja mhunzi na sanamu yenye pembe na mtoto aliyekuwa mkalimani, akaweka kikombe chini. Anakijua. Alikisoma sekondari. Alinirekebisha palepale: wao hawana kasiksi, wanakunywa mvinyo wa mchikichi, na wanakunywa kwa kikombe. Hakuna Mwigbo anayekunywa kwa mrija. Hakuna mrija kwenye paa popote katika kitabu kile.

Nikamwambia hata hivyo mwisho ulikuwa mzuri, mtoto aliporudi.

Nkechi alinitazama kwa huruma, kama anavyowatazama wazee wanapouliza kama treni yao imefika. "Non," akasema. "Harudi."

Akanieleza. Kwao ikenga inapasuliwa mwenyewe anapokufa. Udeze, aliyekuwa mzima wa afya, alichukua shoka akaipasua yake kwa mkono wake, akaingia ndani, na kwa kuziona zile nusu mbili mlangoni majirani walijua kwamba amekwisha kufa. Habari ilimfikia Klementi akiwa kazini, mbele ya meza ya Mzungu, anatafsiri kesi ya mtu mwingine. Alisikiliza, akaendelea kutafsiri. Ndivyo kitabu kinavyokwisha. Nkechi alilia darasani mpaka mwalimu akamtoa nje.

Nilimaliza chai yangu. Kulikuwa na mzee wa kuogeshwa. Nikiwa nampaka sabuni mgongoni, nikakiona kidole cha Papa juu ya ukurasa. Hakikuwa kinatembea.

Kwa hiyo Jumapili zile alizotuambia macho yanamwuma, alikuwa ameshasoma mwisho. Aliuficha. Kisha akapanda kilima nao kichwani, akakuta mrija umeelekezwa kwake, na hata hapo hakuweza kuupokea. Mtu anayejua yote hayo bado anasema ana dawa. Sisemi hivi ili kumhukumu. Waliomfundisha walimshika akiwa mdogo, na alichoapa alikiamini; pengine aliogopa kwa ajili ya kazi, pengine kwa ajili ya mbingu, na mimi siwezi kuwacheka wanaoogopa kwa ajili ya mbingu maana nami nakaa nao kila Jumapili. Hakuwahi kuzungumzia siku ile. Lakini kesho yake alikaa kwenye kiti kilichoelekea mlango, akachukua watu wa mbali asiowajua, akawapa migomba yetu na ukungu wetu na mrija wetu, na katikati yao akanywa na baba yake. Mahali pengine popote hakunywa naye.

Jumamosi ilifika. Nilikuwa jikoni kwangu, ghorofa ya sita, jirani wa juu anaburuza viti. Deo alinipigia kwa picha. Nyuma yake niliona migomba, na watu wamekaa kwenye mabenchi, na kibuyu. Nyumba ya babu haipo tena. Kibanda nacho hakipo; kilianguka chenyewe, hakuna aliyekichoma.

"Yaya, watu wamesha ikaa," Deo akasema. "Tukutilie, ao?"

Neno la dawa lilikuwa mdomoni tayari. Na kwangu lingekuwa kweli tupu, nina vidonge vya tansheni, shinikizo la damu, daktari amenikataza pombe. Hakuna ambaye angenilaumu. Mchungaji angefurahi.

"Tia," nikasema. "Lakini utie mirija mbili."

"Mbili ya nini?"

"Moja yangu. Moja ya Papa."

Deo akaangalia pembeni, akapunguza sauti ili wazee wasisikie. "Yaya, Papa hakunywaka hii. Unajua."

"Najua. Tia tu."

Kisha nikamwona anaomba mrija mwingine, mzee mmoja anamwuliza ni wa nani, Deo anamwambia, na yule mzee anaufuta kwa kidole gumba kabla ya kuutoa. Deo akaiegemeza simu kwenye benchi, karibu na kibuyu, ili mikono iwe huru. Baada ya hapo sikumwona tena, niliona anga tu na jani moja la mgomba. Akasema huu ni wa yaya. Akasema huu ni wa Papa. Akanywa polepole, maana Deo si mnywaji. Jirani wa juu aliacha viti vyake.

Kesho nitakwenda kanisani kama kawaida, na nikiulizwa nitasema. Saa ile nilikuwa nimeegemea meza, sikio kwenye simu, nasubiri, mpaka mrija ukagusa chini.